Shimo la Juu, Shimo la Chini

Brigadiye Camille Birindwa aliisikia fimbo tangu nje, akiwa bado anaegemeza baiskeli yake ukutani. Mwanamke mmoja alikuwa amechutama kando ya lango la kituo, amepakata sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Kila fimbo ilipolia alifumba macho, kisha akayafumbua na kuitazama sufuria, kana kwamba kazi yake asubuhi ile ilikuwa kulinda chakula tu. Camille alimjua. Ni Martine, mke wa Adalbert Kikuni, na aliyekuwa akipigwa ndani ni Adalbert mwenyewe.

Alfajiri ile fundi Honoré Mugisho alikuwa amekutwa maiti ndani ya shimo la tangi la maji, nyumbani kwa karani Léopold Namegabe, kule Bagira. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa kwa sururu. Sururu ilikuwa ya Adalbert, mtu wa kabila la Walega kutoka Mwenga, aliyeajiriwa kuchimba shimo hilo, na kifua cha shati la Adalbert kilikuwa kimelowa damu. Kwa Bwana Komiseri, mambo yalikuwa yamekwisha kabla ya kahawa.

"Karani Namegabe iko mutu ya akili," Komiseri alimwambia Camille mlangoni, kofia mkononi. "Anavaa kravati, anasoma gazeti. Ule iko mutu ya pori. Mimi nakwenda kula. Nikirudi, nataka kidole yake ku karatasi."

"Bwana Komiseri, kuko kitu moya hainiingie."

"Itakuingia kisha ya chakula."

Akaondoka zake Nguba kwa gari, kwenye nyumba yake inayotazama ziwa. Wazungu wa aina ile hawapigi mtu. Huenda kula, na wakirudi hukuta kazi imefanyika. Alama ya kidole kwenye karatasi ile ilikuwa kitanzi, na kila mtu pale kituoni alilijua hilo, hata Martine na sufuria yake.

Ndani, Sajini Bolamba alikuwa amevua shati. Adalbert alilazwa kifudifudi juu ya meza, mikono imefungwa kwenye miguu ya meza, na mgongo wake haukuwa tena kitu cha kutazama. Jicho moja lilikuwa limefunga kwa uvimbe. Meno mawili yalikuwa sakafuni.

"Uniachie nimuulize," Camille alisema.

"Uliza. Mukono inanichoka."

Camille alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa yule mtu. "Adalbert. Ile damu ya ku shati ilitoka wapi?"

"Nilishuka mu shimo, papa. Nilimubeba. Nilifikiri iko na uzima. Kichwa yake ikanimwangikia."

"Mulikuwa munagombana?"

"Kila siku. Yeye ananiita nyani ya pori, mimi namuita mulevi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Na saa ya kula, sahani iko moya."

"Sururu?"

"Jana saa kumi niliiacha kwake. Aliniomba. Sikujua anataka kuchimba wapi, shimo yetu ilikuwa imekwisha."

Camille alilihifadhi jibu hilo. Kisha akauliza kile kilichokuwa kinamkereketa tangu alfajiri.

"Mugogo wa ndizi. Nani aliukata mbili?"

"Mugogo gani?" Adalbert alijaribu kucheka, damu ikamtoka puani. "Ule wa Honoré? Kila mangaribi alikuwa analaza mugogo ndani ya shimo. Ati shimo ikilala bule, inaita mutu. Mimi namucheka. Kule Kamituga tunachimba mulima muzima. Kama kila shimo inalala na mugogo wake, ndizi zingeisha mu Mwenga yote."

"Leo asubui, Honoré alikuwa juu ya mugogo?"

"Hapana. Alikuwa ku udongo mutupu."

Camille alisimama. Alikuwa mtu wa kabila la Washi, Mushi wa Walungu, na hakuhitaji mtu wa kumweleza. Kwao shimo refu kama mtu haliachwi wazi usiku. Hulazwa humo kigogo cha mgomba, kikae badala ya mtu. Na ikitokea mtu wa kweli akaingia, kigogo hutolewa kwanza na kukatwa vipande viwili, maana kikibaki kitamwita wa pili, na wa pili hutoka katika nyumba hiyohiyo. Padri hayapendi mambo haya na mwalimu huyacheka. Mtoto wa Kishi huyanyonya pamoja na maziwa, na siku yakimfika mkono hutangulia kichwa.

Alfajiri alikuwa ameviona vipande hivyo kwa macho yake. Vilikuwa ukingoni mwa shimo, vimelazwa sambamba, vimekatwa kwa panga kali. Huyu aliyekuwa mezani angemtupa maiti juu ya kigogo na kukimbia. Aliyekitoa kigogo ni Mushi mwenye nyumba ya kuiogopea, na pale Bagira Mushi mwenye nyumba ni karani.

"Sajini, muache kwanza. Niko naenda Bagira, ninarudi."

"Naye mokonzi, bwana Komiseri, akirudi mbele yako?" Bolamba aliinua fimbo.

Camille alimdaka kifundo cha mkono. Alikuwa na cheo kidogo kuliko Bolamba, na hasira kubwa kuliko cheo chake. Wakasukumana mpaka ukutani. Bolamba, aliyekuwa na shingo ya fahali, akampiga Camille kichwa cha mdomo, akamtupa mlangoni.

"Leta mutu mwingine, nitaacha huyu," alisema bila chuki. "Kama hauna, uniache nitumike kazi yangu."

Camille alitema damu, akapanda baiskeli.

* * *

Njia ya Bagira ilikuwa vumbi tupu. Kiangazi kilikuwa kimekausha hata majani ya kando ya barabara, na Camille alisukuma baiskeli sehemu kubwa ya mlima, akitukana kimoyomoyo kila mtu kuanzia Komiseri hadi aliyevumbua baiskeli.

Karani Namegabe hakuwapo. Fundi wake alikuwa ameokotwa na kichwa wazi uani kwake, naye amefunga kravati, amekwenda ofisini. Camille alimkuta mkewe, Clémence, anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Kiwanja kilikuwa cha mteremko. Juu ilisimama nyumba ya matofali yenye mabati mapya. Katikati palikuwa na choo. Chini kabisa, karibu na uzio, lilikuwa shimo ambamo Honoré alikutwa.

"Maman Clémence, hii siterne, hii tangi ya mayi, nani aliitaka?"

"Mimi." Alisimamisha ufagio. "Robinet, bomba ya huku, kiangazi ikifika, inakohoa tu. Nashuka mu bonde, napandisha mayi ku mugongo. Mimba mbili zimeanguka mu ile njia, brigadiye. Nikamuambia bwana, basi, inatosha. Malata ya nyumba ni yetu, mvua ni ya Mungu. Tukamate mvua."

"Akakubali?"

"Kwanza alitaka pipa za chuma. Honoré akasema zinaota kutu, na jua inapika mayi. Afazali kuchimba. Tujenge na matofali ya kuchoma, tupakae simenti mara mbili, tufunike juu na dali ya zege. Chini kuko baridi, mayi haiozi."

"Na fasi ya kuchimba, nani alichagua?"

Clémence alielekeza kwa kidevu pembe ya juu ya nyumba, pale mfereji wa mabati ulipoishia. "Honoré alizunguka parcelle, kiwanja yote, akasimama pale. Mayi inaanguka yenyewe, choo iko mbali, iko chini. Hata mutoto angechagua pale."

"Lakini walichimba kule."

"Bwana alikataa. Alisema pale juu kuko jiwe kubwa. Akawapeleka kule chini. Honoré alikasirika! Alisema yeye hajengee mutu siterne chini ya choo."

Camille alitazama toka choo hadi shimo. Mvua ya kwanza ya masika ingeteremsha kila kitu moja kwa moja. Bwana anayesoma gazeti la Kifaransa kila Jumapili alikuwa amechagua kunywa choo chake mwenyewe, na hakuna mtu kituoni aliyejiuliza kwa nini.

Alipanda hadi pembe ya juu. Matofali yalikuwa yamerundikwa pale, zaidi ya yanayotosha ukuta mzima. Fundi hupanga matofali kwa ubavu, safu hii hivi na safu ile vile, ili yasianguke. Haya yalikuwa yamemwagwa kama viazi kutoka gunia.

"Jana yalikuwa apa?"

"Hapana, yalikuwa ku ukuta wa kuku, yamepangwa muzuri. Nilifikiri Honoré aliyahamisha." Clémence alimsogelea. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilimuambia mimi. Jana. Nilimuambia, bwana akiwa ku kazi, ujaribu pale juu. Akiona shimo imekwisha, atanyamaza. Mimi nikaenda kanisani, kwa sala ya novena."

"Ukirudi?"

"Kulikuwa giza. Bwana alikuwa ananawa miguu. Alisema Honoré amekwenda kwake."

Camille alivua koti. "Unipe jembe, maman."

"Unatafuta jiwe?"

"Natafuta ile kitu bwana yako anaita jiwe."

Clémence hakumpa jembe. Alileta mawili, akajifunga kitenge kiunoni, wakayatupa matofali pembeni pamoja. Chini yake udongo ulikuwa laini, umekanyagwa kwa viatu. Wakachimba. Yule mama alichimba kuliko polisi. Alikuwa amezaliwa na jembe mkononi. Hapakuwa na jiwe hata la kutupia mbwa.

"Nani alikuwa anaishi apa zaidi yenu?" Camille aliuliza akihema.

"Colette. Wa kisiwa ya Idjwi." Jembe lake halikusimama. "Bwana alisema ni mutoto wa kaka yake. Nami nikasema ndiyo, ni mutoto wa kaka yako. Mimi siko kipofu, brigadiye. Kisha wakamuambia bwana, wazungu watakuya kuona nyumba juu ya ile karte wanapatia watu wenye maendeleo. Wanatazama kila kitu, kitanda, vikombe, tena muke moya tu. Kisha pale Colette akaenda. Alirudi kwao, bwana alisema. Hakuniaga. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi."

Jembe la Camille lilinasa kitambaa.

Alishuka shimoni, udongo ukimfika mapajani, akafukua kwa mikono. Harufu ilimjia kabla ya kitu chenyewe. Ilikuwa kitenge cha maua ya buluu, kimechanwa na sururu mahali pamoja. Halafu msuko wa nywele. Halafu shingo, na kwenye shingo waya wa uzio umezungushwa na kukazwa kwa kijiti, umeingia nyamani mpaka hauonekani.

Clémence alitoa sauti ambayo haikuwa neno. "Nyamuzinda," alisema baadaye, akimwita Mungu kwa Kishi. "Nyamuzinda. Yeye alikuwa na tumbo. Tumbo ile yake haikuanguka, bwana akamuua nayo."

Kengele ya baiskeli ililia langoni. Karani Léopold Namegabe alikuwa amerudi kwa chakula cha mchana.

Hakupiga kelele. Aliilaza baiskeli chini, akamtazama mkewe, akalitazama shimo, akaokota nyundo ya mawe ya Honoré iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Alikuja akikimbia, kravati imerukia bega. Camille alikuwa bado ndani, miguu imekwama udongoni. Aliinua mkono. Nyundo ilimpata begani, akausikia mfupa ukivunjika, akaanguka kwa goti karibu kabisa na yule maiti.

"Léopold!" Clémence alipiga kelele.

"Ingia ndani! Haya si mambo ya wanawake!"

Pigo la pili lilikosa kichwa cha Camille kwa upana wa kidole, likasaga matofali. Camille aliukamata mpini kwa mkono mzima, akauvuta kwake, akauma kidole gumba cha karani mpaka meno yakakutana na mfupa. Léopold alinguruma. Alimpiga teke la mbavu, akauchomoa mpini, akainua nyundo juu kwa mikono miwili.

Clémence alimpiga kwa kisogo cha jembe kwenye goti. Goti lilikunjika upande ambao goti halikunji. Karani alianguka, na kabla hajageuka mkewe alikuwa amekwisha kuinua jembe tena, safari hii makali yakitazama chini, yakilitazama paji la uso.

"Maman, acha!" Camille alisema. "Nataka kinywa yake! Kuko mutu anakufa juu yake!"

Jembe lilihama upande. Liliposhuka lilishukia mkono ulioshika nyundo. Vidole viwili vilibaki vimening'inia kwa ngozi. Clémence akalitupa jembe, akakaa chini, akalia kwa sauti kama anavyolia mtu aliyefiwa, na kwa kweli alikuwa amefiwa.

Camille alijivuta toka shimoni. Alimkalia karani kifuani.

"Honoré ulimuua apa?"

"Hospitali, brigadiye. Damu inaisha."

"Jibu kwanza."

"Apa. Alikuwa mu shimo. Alikuwa ameshika nguo ya Colette, ananiuliza, papa Léopold, hii ni nini? Ananiuliza na heshima, unasikia? Na heshima! Ningemujibu nini? Sururu ilikuwa pale."

"Na Colette?"

"Alisema atakuya kusimama mbele ya bale wazungu na tumbo yake. Miaka yote ile nimesoma. Nimeacha ngoma, nimeacha kasiksi, nakula na kanya na kisu. Na yeye anataka kunirudisha chini juu ya tumbo!"

"Ulimuburuta Honoré mpaka chini ya choo. Kisha ukatoa mugogo, ukaukata."

Léopold alimtazama bila kuelewa. Macho yake yalizunguka, yakatafuta, na Camille aliona wakati ule ule kwamba mtu huyu alikuwa amefanya jambo lile bila hata kulikumbuka.

"Ungeuacha ndani," Camille alisema, "ningemufunga Mulega mimi mwenyewe."

"Niko na batoto," karani alijibu. Hapo ndipo alipoanza kulia.

Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio. Mmoja alikuwa na lori la mchanga. Walimtupia Léopold nyuma, Camille akaufunga mkono wake wa bega lililovunjika kwa kravati ya karani, akamwambia dereva asishike breki mpaka mjini.

* * *

Martine hakuwa tena langoni. Sufuria ilikuwa imepinduka njiani, na kuku wa sajini walikuwa wanadonoa ugali.

Komiseri alikuwa amerudi, amekaa mezani, karatasi mbele yake. Kidole cha Adalbert kilikuwa tayari chini ya maandishi, cheusi, kimepakaa pembeni. Camille alimsukuma karani mbele. Léopold Namegabe, kwa Kifaransa safi ambacho kilimfanya Komiseri ainue uso, akarudia yote. Alikisema vizuri sana. Hata kuua alikueleza kwa sarufi.

Komiseri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichana karatasi vipande vinne.

"Bon. Fungua ule mwingine," alisema. "Na muke yake."

"Muke yake?" Camille hakuelewa.

"Ule wa pori alisema muke njo alimusaidia."

Camille alikimbia. Bolamba alikuwa korido, anavaa shati. Alifungua milango miwili iliyopakana bila kumtazama brigadiye usoni. Katika chumba cha kwanza Adalbert alikuwa amelala sakafuni. Katika cha pili Martine alikuwa amesimama wima, mgongo umegusa ukuta. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemtoka. Alama ya fimbo ilimshuka kutoka sikioni hadi ndani ya blauzi, na nyingine zilikuwa zimechana blauzi yenyewe.

"Imekwisha, maman," Camille alisema. Aliona haya hata kusema hivyo. "Muuaji ni karani mwenyewe. Muko huru."

Martine alitoka, akaingia chumba cha mumewe. Alisimama juu yake.

"Nilisikia jina yangu ku ukuta," alisema.

Adalbert aliufunika uso kwa mikono iliyovimba. "Walisema lazima kuwe mutu wa pili. Niliwaambia hakuna. Wakapiga. Wakasema, taja jina. Martine, mimi mugeni huku. Sikuwa na jina ya mutu mwingine mu Bukavu."

"Ulikuwa na ya karani."

Adalbert alijikunyata. Hata Bolamba, pale korido, aliacha kufunga vifungo.

"Ulikuwa na ya karani," Martine alirudia. "Ungesema ile, ungekuwa umesema kweli."

"Ile niliogopa," Adalbert alisema.

Camille alitaka kusaidia kwa mkono wake mmoja, lakini yule mwanamke hakumpa nafasi. Alikifungua kitenge chake cha juu, akakisokota kamba, akakipitisha chini ya mapaja ya mumewe na kukivuta hadi kwenye paji la uso wake mwenyewe, vile wanawake wanavyobeba makaa kupanda mlima. Aliinama, akasukuma kwa magoti, akainuka naye. Mara ya kwanza alipepesuka.

Alitoka naye hivyo hadi langoni, akiwa ameinamisha kichwa, na barabarani akashika njia ya kwao. Adalbert alikuwa anaomba msamaha mgongoni kwake, tena na tena. Camille alimsikia mpaka walipokata kona. Martine hakumjibu, na hakumteremsha.